Machozi ya Sekunde Kumi na Tano

Mlango bado uko wazi, na Mama Fundi bado ana pini tatu mdomoni.

Tulimwacha hapo hapo juma lililopita, kapiga magoti anapima pindo la gauni la mteja, mara mlango ukasukumwa bila hodi. Aliyesimama kizingitini alikuwa Nesi, yule yule wa zahanati aliyehangaika na mtoto wa Mama Fundi hadi pumzi ya mwisho. Leo Nesi hana kofia. Mguu mmoja una kiatu, mwingine mtupu. Shavu la kushoto limevimba kama la mtu mwenye jino bovu.

"Mama Fundi," alisema, "nimekukosea nini?"

Mama Fundi akatema pini kiganjani. "Nani kakufanya hivi, mwanangu?"

"Wewe."

Mteja aliyekuwa anapimwa akaona hapa si pake. Akakusanya pindo lake lenye alama za chaki, akasema atapita kesho, akatoka na gauni la nusu.

Nesi hakuketi. Alitoa simu yenye kioo kilichopasuka, akaigusa mara moja, akamsogezea Mama Fundi usoni.

Mle ndani ya simu Mama Fundi alijiona mwenyewe. Kilemba chake cheusi. Machozi yake. Sauti yake.

"Nesi nilimkuta amelala," alisema yule wa kwenye simu. Kinanda kikalia mara moja, kizito. "Mwanangu alikata roho saa kumi na moja alfajiri." Kikaja kitanda kitupu. Ikaja sauti nene ya mwanamume: "Waliolala wametuua vya kutosha. Mchague anayekesha kwa ajili yako." Mwisho picha ya mgombea, kakunja uso kwa huzuni ya kupimwa, na shati lake jeupe halina hata kunyanzi moja.

Sekunde kumi na tano. Hata sindano huwezi kuitia uzi kwa muda huo.

"Haya siyo niliyosema," Mama Fundi alinong'ona.

"Sauti ya nani hiyo?"

"Yangu."

"Mdomo wa nani?"

"Wangu. Lakini sikusema hivi, mwanangu. Sikuyapanga hivi!"

Na kweli hakuyapanga hivyo. Siku waliyokuja na kamera alisimulia mambo kama yalivyotokea. Kwamba mtungi wa oksijeni uliisha, na hakukuwa na mwingine. Kwamba Nesi alichukua ule mpira wa kupulizia hewa akawa anaubana kwa mkono, saa baada ya saa, mpaka vidole vikavimba. Kwamba mtoto alikata roho wote wawili wamemshika. Ndipo yeye akatoka nje kumpigia simu binti yake. Aliporudi alimkuta Nesi kalala sakafuni, kaegemea mguu wa kitanda, mpira bado mkononi, maana ilikuwa siku ya tatu hajaenda kwake.

Alilala baada ya kifo. Tangazo lilimlaza kabla.

"Leo asubuhi," Nesi alisema, "mama mmoja kamleta mtoto ana homa. Nimenyoosha mkono nimpime, akaniuliza, 'Wewe si yule wa kulala?' Nikamjibu ndiyo mimi, lakini nisikilize. Hakunisikiliza. Alinizaba kibao, wenzake wakanifukuza mpaka getini. Kiatu changu kimebaki huko huko."

"Mungu wangu."

"Subiri, hujamaliza kusikia. Mtoto wangu karudi kutoka shule saa tatu. Kaambiwa na wenzake mama yake ni muuaji."

Mama Fundi akakalia stuli ya cherehani.

"Leo saa nane mchana kamati ya nidhamu inakaa," Nesi aliendelea. "Wakiniona nina kosa, cheti changu kinachukuliwa. Sitashika mgonjwa tena maisha yangu yote. Na sijui kazi nyingine, Mama Fundi. Hata kushona sijui."

"Nitakuja. Nitawaambia kwa mdomo wangu."

"Mdomo wako wanao tayari." Nesi akaonyesha simu. "Nimeshawauliza. Wamesema wao wana video, na mimi nilete video. Wanataka yale mazungumzo yote uliyorekodiwa, mwanzo hadi mwisho, bila kukatwa hata neno."

"Yako kwa nani?"

Nesi alitazama pembeni. "Kwa aliyeyakata."

Wote wawili walijua ni nani. Aliyeyakata ni binti wa Mama Fundi, mtoto wake wa kwanza, na tangu mazishi yale ndiye mtoto wake pekee.

* * *

Kazini kwao wanamwita Mkasi. Hakuna anayekata video kwa kasi kama yeye. Ukimpa harusi ya siku nzima atakurudishia dakika tatu, na utaapa umeiona harusi yote.

Mama Fundi alifika mlangoni pa kampuni yao ya matangazo saa nne na nusu. Mlinzi akasimama kwa heshima.

"Karibu mama! Wewe si yule wa kulia?"

"Mimi ni mama yake Mkasi."

"Ndiyo huyo huyo! Mke wangu amekuona mara saba, na mara zote analia. Kweli unaijua kazi yako, mama."

"Sikuwa kazini, baba," Mama Fundi alimjibu, akapita.

Ndani kulikuwa na baridi ya mashine. Chumba cha Mkasi hakina dirisha, na kuta zake zimebandikwa sponji ili sauti isivuje. Ukutani kuna karatasi tatu kubwa. Ya kwanza imeandikwa 60, ya pili 30, ya tatu 15. Ile ya 60 imejaa maneno kutoka juu hadi chini. Ile ya 15 ina mistari minne.

Na kwenye kioo kikubwa cha kompyuta kulikuwa na uso wa Mama Fundi mwenyewe, umesimamishwa mdomo wazi, chozi halijafika shavuni.

Mkasi akavua hedifoni. "Mama! Umekuja bila kuniambia? Umekula?"

"Nimekula aibu. Nimeshiba."

Binti akaelewa. Akasimama kufunga mlango.

"Umeiona ya kumi na tano," alisema taratibu.

"Nimeonyeshwa na Nesi. Kaja nyumbani kwangu na kiatu kimoja. Mwanangu, mimi nilitia sahihi ile ndefu. Ile uliyonikalisha ukanionyesha, yenye mtungi, yenye mpira, yenye kila kitu. Hii nyingine imetoka wapi?"

"Imetoka humo humo ndani ya ile ndefu, mama. Ndivyo kazi ilivyo. Kwanza unatengeneza ya sekunde sitini kwa ajili ya televisheni. Halafu unaipunguza iwe thelathini ya redio. Halafu kumi na tano ya kwenye simu, maana mtu wa simu hana subira. Sahihi yako inafunika zote. Imeandikwa kule nyuma."

"Nyuma wapi?"

"Nyuma ya karatasi."

"Mimi nani aliniambia karatasi ina nyuma?"

Mzazi unayesoma, shika hapo. Karatasi ina nyuma.

"Basi ungepunguza mengine," Mama Fundi alisema. "Ungemtoa Nesi, ukaubakiza mtungi. Mtungi ndio uliotuulia mtoto."

Mkasi alishusha pumzi. Alizungumza kama mtu anayesoma kitu alichokwisha kujisomea mara nyingi.

"Tuliubakiza, mama. Mwanzoni. Kabla tangazo halijatoka tunaita watu kumi na wawili wa mtaani, tunawakalisha chumbani, tunawaonyesha, na sisi tunakaa mbele kuwaangalia macho. Ulipotaja mtungi, watano walishika simu zao. Mmoja alipiga mwayo. Ulipomtaja nesi aliyelala, hakuna aliyepepesa. Mtungi hauna uso, mama. Watu hawawezi kuuchukia mtungi."

"Kwa hiyo mkawatafutia wa kumchukia."

"Mgombea ameahidi mitungi kumi na miwili kwa kila zahanati. Kwa maandishi! Akishinda, hakuna mtoto mwingine atakayekufa kama mdogo wangu. Mimi sikufanya kwa ajili ya mshahara, mama. Nilifanya kwa ajili yake. Nikajiambia nesi mmoja ataumia siku mbili tatu, watoto wangapi watapona?"

Mama Fundi alimtazama binti yake. Alimwona kakonda. Kola ya blauzi yake imekuwa kubwa, inataka kupunguzwa sentimita mbili kila upande.

"Na wa Nesi si mtoto?" aliuliza. "Leo kaambiwa mama yake ni muuaji."

Mkasi akageukia kioo cha kompyuta.

"Nataka yale mazungumzo yote. Saa nane kamati inakaa."

Kabla Mkasi hajafungua mdomo, mlango ukafunguliwa. Kaingia Bosi mwenyewe, kakunja mikono ya shati, kikombe cha chai mkononi, uso unang'aa.

"Nimeambiwa na mlinzi nisiamini! Mama yetu! Nyota wetu!" Akamshika Mama Fundi mkono kwa mikono yake yote miwili. "Tumepanda pointi nne tangu Jumatatu. Nne! Mama, machozi yako yana kura ndani."

"Nesi anaumia, baba."

"Nani?"

"Nesi. Yule mliyemweka kwenye tangazo."

"Aa, yule." Bosi akanywa funda la chai. "Jina hatukumtaja, mama. Tuko salama kabisa. Uchaguzi ukipita tutamtazama, tutamtafutia kitu. Kwa sasa tusimame na lililo kubwa. Jumamosi mkutano wa kufunga kampeni, nataka usimame jukwaani na mgombea. Huna haja ya kusema. Simama tu."

Akageuka kwa Mkasi, sauti ikapoteza sukari.

"Yale mazungumzo marefu ulishayafuta?"

"Nimeshayafuta, bosi. Jana."

"Safi. Kitu kirefu ni hatari." Akatoka.

Mama Fundi alijishikilia kwenye meza. Ile ndiyo ilikuwa njia pekee, nayo imefutwa, na aliyeifuta ni damu yake. Akainua mkoba wake taratibu kama mgonjwa.

"Haya, mwanangu. Kwaheri."

"Mama, kaa."

"Nikae nifanye nini? Nimsubiri Nesi azikwe mzima?"

"Mama, kaa chini!"

Mkasi alizungusha ufunguo mlangoni. Akaingiza mkono kwenye kola ya blauzi, akavuta uzi mweusi uliokuwa shingoni. Mwisho wa uzi kuna flashi ndogo, kubwa kidogo kuliko kifungo.

"Kwenye kompyuta nimefuta," alisema. "Hapa sijafuta."

"Umeitunza?"

"Kuna mahali unacheka." Sauti ya Mkasi ilianza kupasuka. "Dakika ya tisa. Unasimulia alivyovaa kaptula ya mteja akaenda nayo kucheza mpira, ikarudi haina makalio. Unacheka, mama. Sijakusikia ukicheka tangu tuzike. Mchana nikila hapa peke yangu, huwa naweka dakika ya tisa."

Wakashikana, wakalia. Hapakuwa na kamera.

Sasa usije ukadhani mambo yameisha. Yalikuwa hayajaanza.

"Nitakupa," Mkasi alisema akijifuta. "Nikikupa, kesho sina kazi, na katika mji huu hakuna atakayenipa nyingine, maana mwenye kutoa siri za kampeni haajiriwi hata kufagia. Hilo nimekubali. Lakini huwezi kwenda nayo kabla hujasikia dakika ya thelathini na moja."

"Ina nini?"

"Ulishasahau, mama. Ulikuwa unalia sana."

Akachomeka flashi, akamvisha mama yake hedifoni, akabonyeza.

Mama Fundi akajisikia. Sauti ilikuwa ya chini, ya mtu asiyejua tena kama kamera ipo.

"Siku mbili alikuwa anakohoa. Nilikuwa na sare thelathini za shule, nimeahidi Ijumaa. Nikampa kidonge, nikamlaza kwenye mkeka nyuma ya cherehani ili nimsikie. Lakini nikikanyaga cherehani, simsikii. Inapiga kelele. Nilikuwa namaliza mshono ndipo nasikia kikohozi, nasema, haya, nimalize na huu. Haya, na huu. Siku ya tatu nimemaliza sare zote. Nikageuka. Midomo yake imekuwa ya rangi nyingine."

Mama Fundi alivua hedifoni akaiweka mezani kwa uangalifu, kama kitu cha moto.

"Dakika nne unaongea hayo," Mkasi alisema. "Unasema ni wewe uliyemuua. Unalirudia. Mama, mimi nilipokaa kukata mkanda huu, sikuanza na mtungi. Sikuanza na nesi. Nilianza na wewe. Hapo ndipo mkono wangu ulipokwenda kwanza. Nilijua watu wakisikia hayo watakula nyama yako mbichi. Nikakutoa. Lakini ukimtoa mtu kwenye kosa, kosa linabaki linatafuta mwenyewe. Likaelea, likaelea, likamwangukia nesi."

Mama Fundi alikuwa anatazama mikono yake. Kidole cha shahada kina kovu la sindano, la Ijumaa ile ile.

"Kamati inataka yote?" Mkasi aliuliza.

"Bila kukatwa."

"Basi na hizo dakika nne wataziona. Na huko kuna waandishi wa habari, kuna watu wa mgombea mwingine. Watakuzunguka kama nzi."

Saa ilikuwa imefika sita kasoro. Mama Fundi aliwaza wateja. Aliwaza majirani, kanisani, msibani, kisimani. Aliwaza wale kina mama waliomshika mabega makaburini wakimwambia umefanya uliloweza. Akawaza wakija kuusikia ule mkeka nyuma ya cherehani.

Akafanya jambo ambalo mpaka leo anajiuliza lilitoka wapi.

"Kata hapo," alisema.

"Nini?"

"Hapo tu. Hizo dakika nne. Mengine yote yaache. Nesi atapona, na mimi nitapona."

Mkasi alimkazia macho. "Mama. Wewe ndiye unaniambia nikate?"

"Kata, mwanangu. Saa zinakwenda."

Mkono wa Mkasi ukaenda. Kibonyezo kikalia mara mbili. Dakika nne zikaondoka, na pale zilipokuwa pakaungana, laini, kama pindo lililoshonwa na fundi mzuri.

* * *

Kamati ya nidhamu ilikaa chumba cha juu, kwenye ofisi ya afya. Meza ndefu, watu watatu, jagi la maji lisilo na bilauri za kutosha. Katikati Mwenyekiti, mama mtu mzima mwenye miwani ya kamba. Pembeni dirishani, karani na kompyuta yake. Nesi aliketi kiti cha peke yake, kavaa viatu vya kuazima vinavyompwaya.

Mkasi alibaki kusimama mlangoni. Hakutaka kukaa.

Walitazama mazungumzo yote. Walimwona Mama Fundi akicheka dakika ya tisa, na mjumbe mmoja akatabasamu naye. Walisikia habari ya mtungi. Walisikia habari ya mpira wa kupulizia. Ilipofika pale Nesi kalala sakafuni baada ya mtoto kukata roho, mjumbe yule yule akavua miwani akaifuta kwa tai yake bila sababu.

Nesi alikuwa analia kimya. Mama Fundi akamtazama, akahisi mzigo unashuka. Tumeshinda, alijisemea. Tumepita.

"Rudisha nyuma," Mwenyekiti alisema.

Karani akarudisha.

"Hapo. Simamisha. Mama Fundi, hiyo nyuma yako ni saa ya ukutani?"

"Ndiyo, mheshimiwa. Ya dukani kwangu."

"Inasema saa nne na dakika kumi. Peleka mbele kidogo, karani. Basi. Hapa mama anajifuta jicho moja tu. Saa inasema nne na dakika kumi na nne." Akavua miwani. "Kujifuta jicho dakika nne, mama?"

Mlangoni Mkasi alifumba macho. Kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Mkata video wa kwanza mjini, kasahau saa ya mama yake.

"Tuliomba isiyokatwa," Mwenyekiti aliendelea. Hakuwa mkali, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Video iliyokatwa haiwezi kumtetea mtu dhidi ya video iliyokatwa. Nitajuaje kilichotolewa hakimhusu nesi? Kwa hali hii tunarudi tulipoanza, na tulipoanza kuna malalamiko ya mji mzima."

"Mwenyekiti," mjumbe mmoja alisema, "tumuulize nesi mwenyewe. Ndiye aliyempokea mtoto."

"Haya. Nesi, mtoto alifikishwa kwako akiwa na siku ngapi za ugonjwa?"

Nesi aliinua uso. Macho yake yakakutana na ya Mama Fundi, na hapo Mama Fundi akaelewa: Nesi anajua. Alijua tangu siku ile ya kwanza. Alikisikia kile kifua, alihesabu siku kwa sikio lake. Neno moja tu, na anatoka hapa na cheti chake.

"Aliletwa asubuhi, Mwenyekiti," Nesi alisema.

"Sijakuuliza saa. Nimekuuliza siku."

"Nilikuwa na wagonjwa kumi na tisa peke yangu. Sikumbuki."

"Nesi, unaelewa kwamba jibu lako linaweza kukutetea?"

"Naelewa. Sikumbuki."

Mwenyekiti akafungua kalamu. Akaivuta karatasi karibu. Kalamu iligusa karatasi.

"Siku ya tatu," Mama Fundi alisema.

Alikuwa amesimama, na hakujua alisimama saa ngapi.

"Mama, kaa!" Mkasi aliita kutoka mlangoni. "Mama, usiseme!"

"Niache, mwanangu. Umenificha vya kutosha." Akamgeukia Mwenyekiti. "Dakika zile nne mimi ndiye niliyeagiza zikatwe. Hazimhusu Nesi. Zinanihusu mimi. Mimi ndiye niliyemchelewesha mwanangu. Siku mbili kakohoa nyuma yangu, na mimi nashona. Nilikuwa na sare thelathini, na nilimaliza zote."

Chumba kizima kilikuwa kinamtazama. Nesi alijifunika uso. Mjumbe mwenye tai akatazama jagi la maji.

Ni Mama Fundi peke yake aliyeona pale dirishani. Karani alikuwa ameinua simu kifuani, kioo chake kinamtazama yeye. Alipofika kwenye neno "zote", karani alikishusha kioo, akagusa kitu kwa kidole gumba, akasukuma kiti chake nyuma bila kelele.

"Lakini nilipomfikisha," Mama Fundi aliharakisha, "mtoto alikuwa bado hai, mheshimiwa! Nesi alisema anaweza kupona. Alisema akipata hewa siku mbili atapona. Akaenda kuufungua mtungi..."

Karani alikuwa ameshatoka. Mlango wa pembeni haukufunga vizuri, na sauti yake ikarudi kutoka koridoni, ya haraka, ya furaha.

"Ninayo! Anakiri mwenyewe. Ndiyo, mama yule yule wa mgombea wao. Nakutumia sasa hivi. Fupi, kama mlivyotaka."

Mkasi aliisikia naye. Akageuka, akatoka mbio, viatu vyake vikapiga ngazi za saruji kwenda chini.

Mama Fundi hakunyamaza. Alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili, akaendelea kumsimulia Mwenyekiti habari ya mtungi, neno kwa neno, polepole, bila kuruka kitu, na kiti cha dirishani kilikuwa kitupu.